Ndovu ameingia au ndovu wameingia? Maswali magumu ya upatanisho katika Kiswahili tunachoandika

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasomea watu karatasi zao hapa Voi kabla hazijapelekwa zinakokwenda: kumbukumbu za vikao vya vyama vya akina mama, barua kwa chifu, makubaliano ya mipaka ya mashamba, madai ya fidia. Makosa ya tahajia ni mengi, lakini hayo hayamdhuru mtu sana. Ukiandika "fidhia" badala ya "fidia", karani atakuelewa. Kosa linalodhuru ni la upatanisho, yaani pale kitenzi kinapokosa kulingana na mtu au kitu kinachozungumziwa. Kosa hilo linaweza kubadilisha idadi, kumtaja asiyehusika, au kuuhamisha mpaka.

Chukua mfano wa hapa hapa kwetu. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwananchi kudai fidia mnyama anapomjeruhi au kumharibia mali. Mkulima wa Sagalla akiandika "Ndovu ameingia shambani usiku", amesema ndovu mmoja. Akiandika "Ndovu wameingia shambani usiku", amesema zaidi ya mmoja. Neno ndovu halikubadilika hata kidogo. Tofauti yote imebebwa na herufi moja, w, mbele ya kitenzi. Ofisa anayekuja kupima ekari mbili zilizokanyagwa ataisoma herufi hiyo na kujiuliza kama maelezo yanalingana na hasara.

Ndiyo sababu nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara, pamoja na majibu yake. Msomaji aliyesoma shule za Kenya atayakumbuka majina ya ngeli: A-WA, KI-VI, LI-YA, I-ZI na nyinginezo. Aliyeyasahau asihofu, mifano itatosha.

1. Wanyama: nomino iko kimya, kitenzi kinasema

Ndovu, simba, ng'ombe, mbuzi, punda, kuku na nyuki hawabadiliki umbo kutoka umoja hadi wingi. Kwa kuwa wana uhai, kitenzi chao huchukua a- kwa mmoja na wa- kwa wengi: mbuzi amepotea, mbuzi wamepotea. Vivyo hivyo kwa sifa na vionyeshi: ndovu mkubwa huyu, ndovu wakubwa hawa. Hata mtendwa hufuata: nilimwona ndovu, niliwaona ndovu.

Ugumu huanza kwenye umilikaji. "Mbuzi wangu" inaweza kuwa mmoja au mia, kwa hiyo kitenzi ndicho kitakachoamua: mbuzi wangu ameliwa, mbuzi wangu wameliwa. Wengi wetu huku pwani husema "mbuzi zangu" na "ng'ombe zetu" kwa wingi. Vitabu vya shule hupendelea "wangu", lakini "zangu" ina asili yake na ina faida ya kuonyesha wingi. Ukiitumia, usiiache ikakipotosha kitenzi. Sema "mbuzi zangu wameliwa", si "mbuzi zangu zimeliwa".

2. Mahali ambapo idadi hupotea

Kuna sentensi sahihi kabisa ambazo hazisemi ni wangapi. Mwenye madai azijue tatu hizi.

Ya kwanza ni ya hu-. "Ndovu huingia shambani mwangu" inaeleza mazoea, na hu- haijali umoja wala wingi. Ndiyo methali yetu: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tunajua tembo ni zaidi ya mmoja kwa sababu ya wa- ya "wapiganapo". Kwa upande wa nyasi, "huumia" haituambii lolote.

Ya pili ni pale mahali panapotangulia na kukitawala kitenzi: "Shambani kwangu kumeingia ndovu." Ku- hapa inapatana na shamba, haipatani na ndovu. Ni Kiswahili kizuri sana, ila ofisa hajui kama aliingia mmoja au kumi.

Ya tatu ni ya mtendaji anayekuja baada ya "na": "Mbuzi watatu wameliwa na simba." Mbuzi tumewahesabu. Simba je? Hakuna kitenzi kinachopatana naye.

Dawa ya zote tatu ni moja. Kama kitenzi hakibebi idadi, itaje: "kumeingia ndovu wanne", "wameliwa na simba wawili".

3. Neno moja, vitu viwili

Maneno mengine huwa na maana mbili, ya mwenye uhai na ya kitu, na upatanisho ndio unaozitenganisha.

"Boda boda amegongwa na lori" ni habari ya mtu, na familia inapaswa kuitwa. "Boda boda imegongwa na lori" ni habari ya pikipiki, na huenda mwenyewe alikuwa kando akinywa chai. Katika mji ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, habari kama hiyo hutumwa kwa simu kila mara. Ukiharakisha ukakosea kiambishi, unaweza kuwaliza watu bure.

"Kibarua amefika" ni mtu aliyekuja kufanya kazi ya kutwa. "Kibarua kimeisha" ni kazi yenyewe. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Mwatate wanaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Ndiyo maana tunasema kibarua kimeota nyasi, wala hatusemi ameota nyasi.

"Kiboko" wa chemchemi za Mzima ni yule, naye huwa mkali. "Kiboko" cha kuchapia ni kile.

4. Kipofu huyu, si kipofu hiki

Kijana, kiongozi, kinyozi, kipofu, kiziwi, kiwete: maneno haya yameanza kwa ki-, na wingi wake ni vi-. Lakini yanataja watu, kwa hiyo upatanisho wake ni wa watu: kiongozi amefika, viongozi wamefika, kiziwi yule, viziwi wale. Wanyama nao ni hivyo hivyo. Hifadhi ya Ngulia, Tsavo Magharibi, iliyoanzishwa mwaka 1986, inalinda vifaru weusi, si "vifaru vyeusi".

Kwa kijana au kinyozi, kosa hili huchekesha tu. Kwa mtu mwenye ulemavu huumiza. Kiambishi ki- kikimwangukia mtu, kinamfanya kitu au kinamdunisha, kama tunavyosema kwa makusudi "kijitu kile kimekuja tena". Anayesema "kiziwi kile" amemtukana mwenzake hata kama hakukusudia. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomshusha hadhi. Katika maandishi ya ofisi ni bora zaidi kuandika "mtu asiyeona" au "mtu mwenye ulemavu wa kusikia". Lakini hata ukitumia neno la zamani, angalau mpe a- yake.

Ki- ya udogo inabaki mahali pake kwa watoto na wanyama tunaowabembeleza au kuwadharau: kitoto kimelala, kijibwa kinabweka. Hapo msemaji amechagua udogo kwa hiari yake.

5. Rafiki zangu wamefika

Hili linawachanganya hata walimu. Majina mengi ya jamaa na watu wa karibu huchukua umilikaji wa I-ZI na kitenzi cha A-WA: mama yangu amekuja, ndugu zangu wamekuja, rafiki yake ni mgonjwa, jirani zetu wamehama, shangazi yako anakuita. Si kosa, ni kawaida ya lugha. Mume, mke, mtoto na mjomba, kwa kuwa wana m- mwanzoni, hufuata njia iliyonyooka: mume wangu, mtoto wangu, mjomba wangu.

Faida yake kwa mwandishi ni kwamba "rafiki yangu" na "rafiki zangu" hutofautisha idadi kabla hata ya kufika kwenye kitenzi. Basi hakikisha viwili hivyo havigombani. "Rafiki yangu wamefika" humwacha msomaji hajui aamini lipi.

6. Kamati imeamua, wanakamati wameamua

Kamati, kikundi, chama, serikali, familia, timu, umati na kundi ni majina ya umoja, ingawa ndani yake mna watu wengi. Kitenzi hufuata jina lenyewe: kamati imeamua, kikundi kimesajiliwa, umati ulitawanyika, kundi la ndovu saba limevunja ua. Ukitaka kuwataja watu mmoja mmoja, badilisha mtenda: wanakamati wameamua, wanakikundi wamehudhuria.

Katika pesa, tofauti hii ni kubwa. "Kikundi kilipokea shilingi 40,000" maana yake ni kwamba fedha ziliingia katika mfuko wa kikundi, na mweka hazina ana la kujibu. "Wanakikundi walipokea shilingi 40,000" inaweza kueleweka kwamba watu waligawana mkononi. Miaka miwili baadaye, mwenyekiti akibadilika na ugomvi ukizuka, watu watarudi kwenye kumbukumbu na kuusoma ule mstari. Kumbukumbu haitaulizwa ulikusudia nini.

Polisi wana hali yao. "Polisi amefika" ni askari mmoja, "polisi wamefika" ni wengi. Kama ni taasisi iliyozungumza, itaje: "idara ya polisi imesema".

7. Watenda wawili na zaidi

Kwa watu, nafsi ya kwanza hushinda, kisha ya pili, kisha ya tatu: mimi na wewe tutakwenda, wewe na yeye mtakwenda, yeye na kaka yake watakwenda.

"Na" huunganisha, "au" huchagua. "Mwenyekiti na katibu watatia sahihi" inadai sahihi mbili. "Mwenyekiti au katibu atatia sahihi" inadai moja tu. Katika fomu ya benki, sentensi hizi mbili ni kufuli mbili tofauti. "Katibu na mweka hazina ametia sahihi" nayo inaweza kuwa sahihi, ila inasema kwamba mtu mmoja ameshika vyeo vyote viwili. Kama ni watu wawili, andika wametia. Na kama baada ya "au" mna watu wengi, kitenzi humfuata aliye karibu nacho: "Mwenyekiti au wajumbe wawili watatia sahihi."

Angalia sana "tulikwenda na chifu". Kwa Kiswahili, mtu aliyekwenda na chifu wawili tu anaweza kusema hivyo, na watu kumi waliofuatana na chifu wanaweza pia kusema hivyo. Kwenye ushahidi, fafanua: "mimi na chifu tulikwenda", au "sisi wanakamati kumi tulikwenda pamoja na chifu".

Vitu visivyo na uhai vya ngeli tofauti huwatoa watu jasho. Vikiwa vya ngeli moja hakuna taabu: kiti na kitanda vimevunjika. Lakini mlango na dirisha? Njia inayokubalika na wengi ni vi-, kana kwamba tunasema vitu: "mlango na dirisha vimevunjwa". Wapo wanaokilinganisha kitenzi na jina la mwisho, nao hawajapotoka. Mimi huongeza neno la kujumlisha ili kusibaki shaka: "mlango, dirisha na paa, vyote vimeharibiwa". Mtu akichanganywa na kitu, badilisha mpangilio. "Dereva amepatikana pamoja na gari lake" inasikika vizuri kuliko "dereva na gari lake wamepatikana".

8. Idadi, kila, mmoja wa, mojawapo

"Idadi ya wanachama imepungua." Kilichopungua ni idadi, kwa hiyo i-. "Wanachama wamepungua" ni sahihi pia, lakini usichanganye mawili hayo.

"Kila" hudai umoja siku zote, hata kama unazungumzia watu elfu: kila mwanachama atalipa, kila nyumba itapimwa. Asilimia hupatana na wengine kwa i-, na wengine huangalia watu wanaohesabiwa. Ukiona inakutatiza, andika "wakazi 60 kati ya 100 wanategemea kilimo", na shida imekwisha.

Sasa tazama hii: "Mmoja wa wanachama waliokula pesa ametoroka." Waliokula inapatana na wanachama, kwa hiyo umesema kwamba wala pesa ni wengi na mmoja wao ndiye aliyetoroka. "Mwanachama mmoja aliyekula pesa ametoroka" inamtaja mmoja peke yake. Silabi chache zimetosha kukishtaki chama kizima. Katika makosa yote ninayokutana nayo, hili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu anayelifanya hahisi kitu.

"Mojawapo" nayo hufuata ngeli ya kinachotajwa. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, mita 2,208, ni mmojawapo wa milima inayotupa maji. Husemi "moja wapo ya milima". Kijiji ni kimojawapo cha vijiji, mwalimu ni mmojawapo wa walimu, nyumba ni mojawapo ya nyumba.

9. Hapa, huku, humu

Kiswahili kina ngeli nzima ya mahali, yenye vyumba vitatu. Pa- ni mahali maalumu unapoweza kupanyoshea kidole. Ku- ni upande au eneo lisilo na mpaka dhahiri. Mu- ni ndani. "Shambani mwangu mna kisima" inasema kisima kimo ndani ya shamba langu. "Shambani kwangu kuna kisima" inasema kiko huko kwangu, na jirani anaweza kudai kiko kwenye mpaka.

Katika makubaliano ya ardhi, andika "mpaka unapita pale penye mbuyu", wala usiandike "kule kwenye mbuyu". Pale ni nukta moja, kule ni upande mzima. Na mahali yenyewe hupatana na pa-: mahali hapa ni pazuri, mahali palipouzwa. "Mahali hii" tunaisikia sana mjini, lakini kwenye karatasi iache.

10. Ya haraka haraka

Maji, mafuta, maziwa na madini huchukua ya-: maji yamekatika, madini yamepatikana. Gari ni la LI-YA: gari limeharibika, magari yameharibika. Matatu na nyumba ni za I-ZI: matatu imejaa, matatu zimejaa, nyumba imebomoka, nyumba zimebomoka. Hapa i- na zi- ndizo pekee zinazohesabu. Anayesema "nyumba imebomoka" kwa nyumba tano amejipunguzia nne.

Mtu ni yeyote, kitu ni chochote, gari ni lolote, nyumba ni yoyote, mahali ni popote. "Mtu yoyote" imeenea mpaka kwenye matangazo yaliyochapishwa, lakini sahihi ni "mtu yeyote". Vivyo hivyo "ambaye" kwa mtu, "ambao" kwa watu, "ambacho" kwa kitu. Haifai kila kitu kuwa "ambayo".

Na Kiingereza je?

Watu wengi hapa huandika kumbukumbu kwa Kiingereza, nacho kina mitego yake. Tofauti kubwa ni kwamba katika Kiingereza nomino hubeba idadi yenyewe, na kitenzi hubaki na kazi ndogo, hasa ile herufi s ya wakati uliopo. Lakini kuna nomino chache zilizo kimya kama ndovu wetu. "The sheep is lost" ni kondoo mmoja, "the sheep are lost" ni wengi.

Kamati kwao ni kitendawili: Mwingereza hukubali "the committee is" na pia "the committee are", Mmarekani hupendelea ya kwanza. Chagua moja na ushikamane nayo hadi mwisho wa ukurasa. "The number of members has dropped" huchukua umoja kama "idadi imepungua". "A number of members have left" huchukua wingi, kwa sababu maana yake ni wanachama kadhaa. "Each of the members has paid" ni umoja, ndugu ya "kila".

Na ule mtego wa chama uko pia. "One of the members who were accused has paid" inasema walioshtakiwa ni wengi. Ukiandika "who was accused", msomaji atamwona mmoja. Kwa hiyo mwenye kuielewa sentensi ya Kiswahili ameshaielewa nusu ya ile ya Kiingereza.

Lugha ya nyumbani haina lawama

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba watu wa bara hukosea upatanisho kwa sababu ya lugha zao za mama. Kwa Taita Taveta hoja hiyo haisimami. Kidawida, Kisaghala na Kitaveta ni lugha za Kibantu zenye ngeli zake na upatanisho wake. Mtoto wa Wundanyi anapoingia darasani, wazo la ngeli analo tayari, na anachojifunza ni viambishi vya Kiswahili. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. J. A. Wray, mmisionari wa Sagalla, alichapisha utangulizi wa lugha ya Kitaita mwaka 1894. Lugha zetu hizi zimesomwa kwa muda mrefu kama ndugu.

Uchovu wa viambishi ulitoka kwingine: kwenye Kiswahili cha amri cha masetla na wafanyakazi wao, kwenye kambi za askari, na katika miji mikubwa ambako watu wa lugha nyingi walihitaji kuelewana upesi. Kiswahili cha namna hiyo kinafaa sokoni, ambako kidole na uso vinasaidia kueleza. Karatasi haina kidole wala uso.

Kabla ya kutia sahihi

Ukimaliza kuandika, mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti, kisha muulize maswali manne bila kumwonyesha karatasi tena:

1. Ni wangapi? Kama anababaika, kitenzi hakikubeba idadi. Ongeza hesabu.
2. Ni nani hasa aliyetenda au aliyepokea, kikundi au watu wake?
3. Anayelaumiwa ni mmoja au ni wote?
4. Ni wapi: pale, kule, au mle ndani?

Akikujibu yote manne kama ulivyokusudia, karatasi yako iko tayari kwenda. Akikosea moja, usimlaumu msomaji. Rudi kwenye kitenzi, utakuta herufi moja inakungoja.